Gari Kuukuu Nyuma ya Nyumba: Namna ya Kulifufua



Tunapotembelea watu majumbani, mara nyingi tunakuta gari la zamani limesimama nyuma ya nyumba. Liko juu ya mawe, magurudumu yaliuzwa kitambo, na kuku wamefanya kiti cha nyuma kuwa mahali pa kutagia. Ukiuliza unaambiwa, "Hilo ni la mzee. Siku moja tutalitengeneza." Kwa kawaida siku hiyo haifiki. Ama inafika vibaya: kijana anapata pesa kidogo, analifungua gari lote kwa wiki moja, pesa zinaisha, na kilichobaki ni mikebe ya nati na bolti. Mwishowe anakuja mnunuzi wa vyuma na mizani yake.

Somo hili ni la yule ambaye hajawahi kutengeneza gari lakini ana hamu, ana mikono, na ana gari hilo tayari. Tumechukua mfano mmoja tu, Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Sababu ni kwamba bado ziko nyingi mashambani kwetu, na mtu anayeanza anaweza kuielewa. Haina redieta wala maji. Injini inapozwa na hewa ya feni, na imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu. Ilitengenezwa kwa miaka mingi sana: ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, na jumla yake ilikuwa 21,529,464. Kwa hiyo spea hazijakwisha duniani. Na wazee wetu wanaikumbuka vizuri, kwa maana ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, wakati barabara zilikuwa matope matupu.

KARATASI KABLA YA SPANA

Usishike spana kabla hujaona logbook. Soma namba ya chesisi kisha uitafute kwenye gari lenyewe: inua kiti cha nyuma, safisha ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu, utaikuta imepigwa hapo. Namba ya injini iko juu ya injini, chini ya kiti cha dinamo. Kama hazifanani na karatasi, simama hapo kwanza. Injini inaweza kuwa ilibadilishwa kwa haki na haikuandikishwa; chesisi ikitofautiana, hilo ni jambo zito zaidi.

Sasa tuseme logbook ina jina la baba, na baba ni marehemu. Hapa ndipo tumeona machozi. Tunajua nyumba moja ambapo kijana wa pili alimaliza akiba yake yote kwenye gari la marehemu mzee. Siku lilipowaka, ndugu zake walikuja wakasimama mlangoni na kusema, "Hili ni letu sote." Nao walikuwa wanasema kweli. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, yaani Law of Succession Act, hakuna ruhusa ya kushughulika na mali ya marehemu kama yako kabla ya kupata kibali cha kuisimamia. Kuingilia mali hiyo ni kosa, hata kama ulikuwa na nia njema ya kuitengeneza.

Kwa hiyo anzeni kwa chifu ili mpate barua inayotaja warithi wote, kisha mfuate njia ya korti au ya Public Trustee. Kibali kikitoka ndipo gari linaweza kubadilishwa jina kwa NTSA, ambayo siku hizi hufanya kazi hiyo kupitia eCitizen. Huku mkingoja, kaeni kama familia mwandike: gari litakuwa la nani, anayetoa pesa atarudishiwaje, na likiuzwa pesa zitagawanywaje. Mama asiachwe nje ya kikao hicho. Wote watie sahihi. Tunajua kazi hii inachosha kuliko kufungua injini, lakini kuna nyumba zilizovunjika kwa sababu ya kitu kidogo kuliko gari.

KUTU NDIYO ADUI, SI INJINI

Anayeanza hukimbilia injini. Anataka kusikia mlio. Sisi tunasema injini ya Beetle ni kitu kidogo. Ikikufa kabisa unaweza kupata nyingine. Bodi iliyooza haina dawa ya bei nafuu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kutu ya gari hili hula kutoka ndani.

Chukua bisibisi kuukuu na sumaku ndogo. Inua kiti cha nyuma upande wa kulia, ambapo betri hukaa. Asidi imekuwa ikidondoka hapo miaka yote, na mara nyingi sakafu imekwisha. Dunga kwa bisibisi. Chuma kizima kitakataa, kilichooza kitakubali kama mkate. Kisha lala chini uchunguze mbavu mbili ndefu zinazopita chini ya milango, kushoto na kulia. Hizo ndizo hupitisha hewa ya moto ya hita, na ndizo zinazoshika nguvu ya bodi nzima. Kama zimeoza, utaona hata milango haifungi sawa. Fungua boneti ya mbele uangalie shimo la gurudumu la akiba, maana maji hukusanyika hapo. Angalia pia mahali bodi inaposhikana na ekseli ya mbele.

Sumaku ni kwa ajili ya udanganyifu. Ipitishe polepole juu ya rangi. Ikiacha kushika, chini ya rangi hiyo hakuna bati bali fila, na chini ya fila huenda hakuna kitu. Kama bado hujanunua gari, ukikuta sakafu, mbavu zote mbili na ekseli ya mbele vimekwisha, mshukuru mwenyewe kwa chai na uende zako.

HESABU YA PESA

Bei za spea hatutazitaja hapa kwa sababu zinabadilika kila mwezi. Tunataka ujue njia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari, ugawe kurasa: breki, injini, umeme, bodi, tairi. Baada ya kuchunguza, andika kila kitu kinachohitajika, kisha uliza bei mahali patatu tofauti kabla ya kununua chochote. Wa Nairobi wanajua Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan. Wa mbali waulize kwanza mafundi wa mji wao, kwa sababu nauli ya kwenda Nairobi mara nne inaweza kupita bei ya spea yenyewe. Ukishajumlisha, ongeza nusu yake juu. Kama jumla ni shilingi 80,000, jiandae kwa 120,000. Lazima kutakuwa na kitu ambacho hukukiona.

Tafadhali, pesa za karo na za hospitali zisiingie kwenye daftari hilo. Mkopo wa chama pia tunauonea shaka, kwa sababu gari bovu halileti hata senti moja huku riba inaendelea kutembea. Ni heri kununua kitu kimoja kila mwezi na kukifunga mahali pake. Kazi ya miaka miwili si aibu.

MAHALI NA USALAMA

Kibanda cha mabati kisichovuja kinatosha, ila kiwe na upande ulio wazi. Injini ikinguruma ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake hauonekani wala hauchomi macho, lakini unaua. Usingoje kusikia kizunguzungu.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Usitumie pia matofali ya simiti yenye mashimo; yanapasuka ghafla bila kuonya. Pata stendi za chuma, au fundi wa welding akutengenezee, au tumia magogo mapana yaliyokatwa sawasawa. Kabla ya kuingia, sukuma gari kwa nguvu. Kama litaanguka, lianguke wakati uko nje. Na watoto, ambao hupenda sana kucheza hapo, wapewe mpaka.

Petroli iliyokaa miaka ndani ya tangi imeharibika na inanuka kama vanishi. Itoe mchana, nje, mbali na jiko, na betri ikiwa imefunguliwa. Weka ndoo ya mchanga karibu, na kama una uwezo, mtungi wa kuzima moto wa aina ya unga mkavu. Sehemu kubwa ya mwili wa injini hii ni madini ya magnesi. Ikishashika moto vizuri, maji huzidisha ukali. Ndiyo maana tunasisitiza paipu za raba za petroli zibadilishwe zote, hata zile zinazoonekana nzima. Iko moja iliyojificha karibu na giaboksi, ambayo wengi huisahau. Beetle nyingi zimeungua kwa sababu ya kipande cha paipu cha bei ya soda chache.

Kwa vifaa, hauhitaji gereji nzima. Spana 10, 13, 17 na 19 hufanya sehemu kubwa ya kazi, pamoja na 21 ya puli ya dinamo, bisibisi nzuri, koleo, na kipimo cha nafasi cha majani. Nati kubwa ya gurudumu la nyuma ni ya 36, na hiyo azima kwa fundi.

USIFUNGUE YOTE KWA PAMOJA

Hili ndilo kosa linaloua magari mengi kuliko kutu. Fungua sehemu moja, itengeneze, irudishe, ndipo uende kwa nyingine. Kila bolti iingie kwenye mkebe wenye jina lake: "breki mbele kushoto", "kabureta". Waya za umeme zifungie karatasi zenye namba kabla ya kuzitoa. Kama una simu ya kamera, piga picha kila hatua. Ubongo husema utakumbuka, na baada ya wiki tatu unakuta bolti sita mkononi zisizo na kwao.

Anza na breki. Tunajua wengi hawatapenda, kwa sababu breki hazina mlio wa kufurahisha. Lakini injini ikianza kuwaka, hakuna kijana atakayejizuia kulitembeza gari hadi barabarani, na barabarani kuna watoto wa shule.

Beetle nyingi zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Ukiondoa ngoma utaona vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kulipiga brashi kavu; breki shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kisha ukitupe. Angalia silinda ndogo za magurudumu kama zinavuja. Kwa gari lililosimama miaka mingi, sisi tungebadilisha zote nne, masta silinda, na paipu zote za raba. Paipu ya zamani hufura kwa ndani: unakanyaga, mafuta yanapita, unaachilia, hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Kwa nje inaonekana safi kabisa.

Mafuta mapya ya breki yasiguse rangi, kwa sababu huimenya. Kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie na lililo karibu nayo zaidi. Mmoja akanyage, mwingine afungue. Na ile nati ya 36 huko nyuma lazima ikazwe kwa nguvu ya kilo 30 kwa mita moja. Kama huna spana ya kupimia, hesabu hivi: mtu wa kilo 75 akisimama polepole juu ya mpini ulio sawa na ardhi, sentimita 40 kutoka kwenye nati, anatoa nguvu hiyo hiyo. Kisha pini yake iingie. Kama tundu halilingani, kaza kidogo zaidi, usilegeze.

KUAMSHA INJINI ILIYOLALA

Usiunganishe betri na kuanza kupiga stata. Fungua kwanza ile bati ya feni utazame ndani, kwa sababu panya hupenda kujenga humo, na kiota chao kikiziba njia ya hewa, silinda zitaungua. Toa plagi nne. Dondosha oili kidogo katika kila tundu na uache siku mbili au tatu. Halafu weka spana kwenye nati ya puli ya dinamo, bonyeza mkanda kidogo, na uzungushe injini kwa mkono, polepole, kwa upande wa saa. Ikikataa, usitumie nguvu. Ongeza oili, ungoje tena. Tumesikia za kungojwa wiki mbili zikakubali.

Ikizunguka vizuri, mwaga oili yote, safisha kichujio cha waya kilicho chini, weka oili mpya lita 2.5. Pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi kabla ya jua kuipiga. Kwa injini nyingi za 1300, 1500 na 1600, nafasi ni milimita 0.15. Ukikosa, kosea upande wa kulegea: valvu iliyolegea hupiga kelele, iliyokaza huungua kimya. Pointi za distributa ziwe milimita 0.4, plagi 0.7. Moto hufuata mpango wa 1-4-3-2. Ukichanganya waya hizo, gari litakohoa na kukutia hofu bure.

Kuhusu betri, ujue kama gari lako ni la volti 6 au 12. Modeli nyingi kuanzia 1967 ni 12. Na kile kiti cha nyuma kilicho juu ya betri kina springi za chuma na manyoya makavu ndani. Wakikaa watu wazito, springi inaweza kugusa vichwa vya betri na kiti kikashika moto. Weka kifuniko cha raba juu ya betri kabla ya kurudisha kiti. Kuku wahamishwe kwa wakati huo, na hawatafurahi.

Wengine wamewatisha watu kwamba petroli ya sasa, isiyo na risasi tangu 2006, huharibu injini hizi. Kwa Beetle usiwe na wasiwasi. Viti vya valvu zake ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa.

Jambo la mwisho katika injini ni zile bati nyembamba zinazoizunguka, na ukanda wa raba kandokando. Fundi mwenye haraka huzitupa akisema, "Hizi ni za urembo tu, injini ipate hewa." Kama ni fundi wako wa siku nyingi, mwambie kwa heshima, "Fundi, tuzirudishe." Kazi yake ni kutenga hewa ya moto ya chini na hewa baridi ya juu. Bila hizo feni inavuta moto ule ule ilioutoa, na injini mpya inakufa kwenye mlima wa kwanza. Mkanda wa feni nao ukikatika, simama mara moja, usiseme utafika tu. Ule mkanda ndio redieta yako. Ukiubonyeza kwa kidole gumba ushuke kama milimita 15.

BODI NA RANGI MWISHO

Kazi ya welding kwenye mbavu na sakafu mpe fundi anayejua, ukae naye. Vipande vikatwe hadi kwenye chuma kizima. Bati jipya juu ya kutu ni kama shuka safi juu ya kitanda chenye kunguni. Milango iwe imefungwa na bodi imeegemezwa sawa wakati wa kukata mbavu, la sivyo bodi itapinda na milango haitafunga tena. Tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali.

Msasa, praima na kufunika vioo unaweza kufanya mwenyewe jioni na watoto wakubwa, na kwa kweli hiyo ndiyo kazi wanayoipenda. Ukibadilisha rangi au injini, iandikishwe ili logbook ifanane na gari.

Kabla ya kutoka, bima ya lazima iwe imelipwa. Safari ya kwanza iwe ya kilomita mbili, kwenye barabara tulivu, mchana. Ukirudi gusa kila ngoma ya gurudumu kwa tahadhari: iliyo moto kuliko wenzake inashikwa na breki. Tazama chini kama kuna tone. Siku ya pili nenda tano. Kama harufu ya moshi inaingia ndani ukifungua hita, funga hita, fungua madirisha na usiitumie tena mpaka yale makasha ya hita kwenye ekzosi yabadilishwe. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, pima valvu tena na kaza ile nati ya 36.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Katika mtaa wenu kuna magari mangapi yaliyosimama zaidi ya miaka mitano? Logbook zake zina majina ya nani, na je, wenye majina hayo wako hai?

2. Kijana ana shilingi 6,000 kila mwezi baada ya mahitaji ya nyumbani. Daftari lake linaonyesha shilingi 90,000. Ongezeni nusu, kisha mhesabu itachukua miezi mingapi. Ni kitu gani mngemshauri anunue mwezi wa kwanza?

3. Ni fundi yupi karibu nanyi anayeweza kukubali vijana wawili wakae naye siku za Jumamosi wakijifunza kutoa hewa kwenye breki?